Aliyeshika Mbolezi Hakatizwi

Sentensi ya kwanza ya Kigiriki niliyoisema bila kutetemeka, niliisema mbele ya maiti.

Na maiti mwenyewe ndiye aliyekuwa mwalimu wangu.

Chekeni tu, nimezoea kuchekwa. Ila mkimaliza kucheka msome mpaka chini, maana maneno niliyoyasema siku ile hayakuwa na kosa hata moja, na ndiyo yaliyonifungia milango ya kijiji kizima.

Naitwa Lamzira. Kwetu ni Jojia, ile ya milimani, siyo ile ya Marekani. Shule niliishia darasa la sita. Baada ya hapo ni ng'ombe, jibini, theluji, na kaka mlevi wa kumvua viatu kila akirudi.

Nilipofika miaka kumi na tisa, kanisa letu likapata nafasi ya kumpeleka msichana mmoja Ugiriki, kusini kabisa, upande wa Mani, kwenye shule ya wanawake ya kufuma. Miaka miwili. Ukitoka hapo una ufundi mikononi, hakuna wa kukurudisha zizini.

Sharti lilikuwa moja tu.

Mwisho wa mwaka wa kwanza unasimama mbele ya walimu watatu, unaieleza kazi yako kwa Kigiriki. Ukishindwa kusema, unarudi kwenu. Mikono yako iwe ya dhahabu, mdomo ukiwa wa mbao, safari.

Mikono yangu haikuwa na shida. Nilikaa kwenye kitanda cha kufumia kama niliyezaliwa hapo.

Mdomo sasa.

Shule haikuwa na bweni, kila msichana alipangiwa nyumba ya watu. Mimi nikapangiwa kwa Bibi Panoria, kwenye mnara wa mawe wenye madirisha madogo kama matundu ya panya. Bibi mwenyewe alikuwa kitandani, miguu imekufa, ila ulimi ulikuwa unatembea kwa niaba ya miguu. Mwanawe Ligoris aliendesha lori la mafuta ya zeituni, leo yupo kesho hayupo.

Halafu kulikuwa na Metaxia, mke wa Ligoris.

Sijui nimweleze vipi. Mwanamke mrefu, mkavu, mikono imepasuka kwa kazi ya mizeituni, na macho yanayokutafuta pale panapokuuma.

Alikuwa akipata wageni, ananiita kutoka jikoni.

"Lamzira! Hebu njoo uwaambie wageni leo umekula nini."

Nasimama. Najua jibu, nimelikariri. Lakini watu sita wamekukodolea macho, wewe ungefanyaje?

"Mimi... leo... mimi ni maharage."

"Mmesikia? Yeye ni maharage!" Metaxia anapiga meza. "Mimi nilidhani ni mtu, kumbe nimekaribisha maharage!"

Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mmoja akasema, "Muulize na jana alikuwa nani." Wakacheka upya.

Hiyo ilikuwa nafuu. Siku moja alinirekodi bila mimi kujua, nikihangaika kumwomba ndoo ya maji, nikirudia neno moja mara tatu kama mbuzi aliyekwama kwenye ua. Akaiweka iwe mlio wa simu yake.

Yaani akiwa dukani simu ikaita, inatoka sauti yangu. Akiwa kanisani uani, sauti yangu. Watoto wakaishika. Nikipita barabarani wananiitikia kwa sauti ileile.

Nikafunga mdomo. "Ndiyo", "hapana", "asante", basi. Shuleni nikiulizwa natazama uzi. Nilikuwa naona kabisa jinsi mwaka unavyokwisha, na jinsi zizi la kwetu linavyonisogelea.

Siku moja mchana, Metaxia yuko shambani, Bibi Panoria akaniita.

"We bubu. Vuta kiti."

Nikavuta.

"Unajua kwa nini husemi?"

Nikatikisa kichwa.

"Kwa sababu wanakukatiza. Ukifungua mdomo tu, mtu kaingia katikati na kicheko chake. Ulimi ukikatizwa sana unaoza. Sasa mimi nitakuonyesha mahali ambapo ukisema hakuna mwanadamu wa kukukatiza."

"Wapi?"

"Msibani."

Mnaona mwalimu niliyempata.

Iko hivi. Kule Mani mtu akifa, wanawake wanakaa kulizunguka jeneza, wanaume wako nje uani. Mwanamke mmoja anashika mbolezi: anamwimbia marehemu, beti kwa beti, anatunga hapohapo. Na aliyeshika mbolezi hakatizwi. Atukane, ashitaki, afichue, watu wote kimya mpaka aachie mwenyewe. Hata padri anasubiri. Mwingine akitaka zamu anamgusa mkono, na aliyeshika akipenda anampa, asipopenda hampi.

Bibi Panoria enzi zake alikuwa anafuatwa kutoka vijiji vingine. Wanaume wenye bunduki walikuwa wakimwona anaingia msibani wanameza mate, hawajui leo atamtaja nani.

Basi nikaanza kusoma.

Nilijua neno la jeneza kabla ya neno la kijiko. Nilijua mjane, kaburi, sanda, mchimba kaburi, nywele kung'olewa, ndipo nikajifunza sukari. Nilikuwa nikienda kwa mwoka mikate, mama mmoja mnene mwoga, Kigiriki kinanitoka kwa sauti ileile ya Bibi, ya kuvuta na kushusha. Mara ya kwanza nilipomwomba mkate vile alifanya ishara ya msalaba, akaniuliza nani kafa.

"Hakuna," nikamwambia, bado ninaimba. "Ni mkate tu."

Akanipa miwili ili niondoke haraka.

Shuleni Mwalimu Evanthia aliniuliza kitambaa changu kina rangi ngapi. Nikamjibu kama ninayemuaga marehemu: ee kitambaa, umelala umenyooka, nyekundu imekuacha, bluu imebaki peke yake. Darasa likaanguka. Yeye hakucheka. Alinitazama juu ya miwani.

"Nani anakufundisha?"

"Bibi Panoria."

"Angalia anachokufundisha," akasema, akaendelea na wengine.

Sikumwelewa. Kigiriki changu kilikuwa bado hakijafika huko.

Lakini kitu kimoja kilianza kubadilika. Bibi alikuwa amenipa siri.

"Ukisema, usimtazame anayekutazama. Mtazame maiti. Maiti hacheki."

Nikawa nafanya hivyo kila mahali. Nikiingia dukani namfanya mwenye duka maiti. Mwalimu, maiti. Wageni wa Metaxia, maiti sita wamekaa mezani na glasi zao. Sauti ikapunguza kutetemeka. Bado nilikosea, ila nilikosea kwa sauti kubwa, na mtu akikosea kwa sauti kubwa kicheko kinapungua kidogo. Jaribuni mtaona.

Ikawa inakuja miezi ya joto. Bibi akasema sasa tuingie kwenye mbolezi yenyewe.

"Hii ni yangu," akasema. "Siku nikifa utanishikia. Walimu wako wote watakuwepo, nani atakosa mazishi ya Panoria? Wakikusikia pale, mtihani wako umekwisha."

Akanikaririsha. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Nilivyoimba mimi nilikuwa naimba sauti, maana yake ilikuwa bado ukungu. Kigiriki cha mbolezi ni cha zamani, kimepinda.

Maana ikaja vipandevipande. Leo neno, kesho neno. Siku moja niko kwenye kitanda cha kufumia, napitisha uzi huku navuma ile mbolezi kichwani, mara yote ikafunguka kama mlango uliosukumwa na upepo.

Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

Msilie majirani,
mkamwana kaniua,
nina kiu, kaninyima,
mlango kanifungia.

Uzi ukanikatikia mkononi.

Sasa hapa lazima niwaambie nilichokuwa nakiona ndani ya nyumba ile. Mimi kusema sikujua, lakini kutazama nilijua. Asiyeweza kusema hana kazi nyingine.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, Metaxia yuleyule alikuwa anampandia Bibi na beseni la maji ya moto. Anamgeuza, anamwogesha, anabadilisha shuka zilizochafuka, anazifua kwa mkono. Anamlisha kwa kijiko. Na Bibi anamtukana tangu anaingia mpaka anatoka.

"Mgumba wewe! Miaka kumi na moja chini ya paa langu hujanizalia hata bunduki moja!"

Bunduki ndivyo wanavyowaita watoto wa kiume kule.

Akimaliza kutukana, anamtemea mate. Usoni. Nimeona kwa macho yangu kwenye ufa wa mlango. Metaxia anajifuta kwa bega, anaendelea kukunja shuka.

Glasi ya maji iliyoachwa mezani? Bibi alikuwa anaimwaga kwenye chungu cha mrihani pale dirishani, halafu anawaita wapita njia: "Jamani nakufa kwa kiu!" Mkate alikuwa anausukumia chini ya godoro.

Binadamu ni kitu cha ajabu. Mkono ule ule uliokuwa unanifinya mimi jikoni ndio uliokuwa unamwogesha yule bibi bila kinyongo.

Niliporudi nyumbani nikapanda ghorofani kwa Bibi.

"Bibi, Metaxia hakukunyima maji."

Akacheka, meno mawili yote nje.

"Hee! Leo umeelewa!"

"Nimeelewa."

"Basi umehitimu, mwanangu."

"Lakini ni uongo."

"Uongo nini? Ninamchukia. Hiyo ni kweli tupu. Hayo mengine ni nguo tu za kuivisha. Ligoris akisikia mbele ya kijiji kizima, hana ujanja, atamrudisha kwao. Mwanamume wa hapa hawezi kulala na mke aliyetajwa kwenye mbolezi."

"Kwa nini mimi? Si yupo dada yako Kanella?"

"Kanella akisema, watasema anatetea damu yake. Mimi nikisema ni mama mkwe, kawaida. Lakini wewe!" Akanishika kifundo cha mkono, vidole kama waya. "Wewe ni mgeni. Tena bubu. Watu watasema, huyu asiyejua hata kuomba chumvi atadanganyaje? Uongo unataka lugha, mwanangu. Asiye na lugha anaaminiwa."

Nikauvuta mkono wangu.

"Na nisiposema?"

"Kanella ndiye aliyekudhamini shuleni. Akisema hatumtaki, unalala wapi? Rudi kwenu ukakamue ng'ombe. Ukisema, chumba hiki chako mpaka umalize kufuma. Na yule anayekuchezesha kwenye simu anaondoka na kifurushi kichwani." Akanikonyeza. "Usiniambie hutaki."

Alinijua yule bibi. Alinijua mpaka mifupa.

Alikufa wiki ya mtihani. Asubuhi Metaxia alipanda na beseni, akashuka nalo likiwa bado limejaa.

"Amekwenda," akasema. Basi. Akaanza kufuta meza.

Saa nne nyumba ilikuwa imejaa. Jeneza katikati ya ukumbi, miguu kuelekea mlangoni. Wanawake wamevaa nyeusi tii, vitambaa vya kichwa vimevuliwa, nywele nje. Kahawa, brandi, mikate mikavu, na chungu cha mrihani cha Bibi kimeshushwa, kimewekwa dirisha la ukumbini. Jua la Juni. Madirisha wazi, na nje uani wanaume, Ligoris kwenye kiti, kichwa chini, na walimu wangu wamesimama ukutani.

Kanella akashika mbolezi wa kwanza. Mzee mnene, sauti kama mlango wa chuma. Akaimba ukoo, akaimba ujana wa dada yake. Kisha akashusha sauti.

"Mgeni wa nyumba hii ana neno," akaimba. "Asiye na lugha Mungu amempa lugha."

Akanigusa mkono, kunipa zamu.

Ukumbi mzima ukageuka.

Metaxia alikuwa amekaa upande wa miguu ya maiti. Nikamsikia akimnong'oneza jirani yake, siyo kwa siri sana:

"Huyu naye? Mama yangu, leo tutacheka mpaka jeneza litikisike."

Hata hapo! Hata siku ile, jamani, hakuniacha.

Niwaambie ukweli, nilitaka kuisema mbolezi ya Bibi. Nilitaka mpaka mate yakanijaa. Mistari minne tu. Mistari minne, nalala pale, nafuma, nafaulu, na ile simu inaondoka na mwenyewe.

Nikamtazama maiti, kama nilivyofundishwa.

"Msilie majirani," nikaanza.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wa pale wanaujua mwanzo ule. Mbolezi ikianza hivyo, kinachofuata ni jina la mtu. Nikamwona Metaxia rangi inamtoka, kuanzia midomo. Uani kiti cha Ligoris kikakwaruza.

Kanella ananiitikia kwa kichwa, endelea, endelea.

Nikavuta pumzi. Na pale kwenye pumzi ile, mstari uliotakiwa kuja haukuja. Ukaja mwingine. Sikuukariri popote, sikufundishwa na mtu. Ulikuwa wangu.

Bibi, mimi nimeona,
huyu ndiye kakuosha,
shuka zako kazifua,
nawe ukamtukana.

Jirani yake Metaxia akageuka, akamtazama mikono.

Kanella akanigusa mkono, anataka zamu. Sikumpa. Akanigusa tena, akanibana. Sikumpa. Aliyeshika mbolezi hakatizwi, sheria yao wenyewe.

Nikaimba mate yale ya kila asubuhi, na bega la kujifutia. Nikaimba mkate chini ya godoro. Nikaimba maji yalikokuwa yanakwenda, na wanawake wote kwa pamoja wakageuza shingo wakakitazama kile chungu dirishani, mrihani umestawi kijani kibichi, wakati mirihani ya majumbani kwao imekauka kwa jua.

Nikamalizia:

Uongo ulinifunza,
leo nakurudishia.

Sauti haikutetemeka. Kosa halikuwepo. Kigiriki kilikuwa kinanitoka kama ninayekifuma.

Nikaachia. Hakuna aliyeshika baada yangu. Padri akakohoa, wakamchukua marehemu wakaenda kuzika.

Mimi nilibaki jikoni naosha vikombe. Nilikuwa namsubiri Metaxia. Najua mnafikiri nini, hata mimi nilifikiri hivyohivyo. Nilidhani ataingia, atanikumbatia. Hata asiponikumbatia, walau ataniita kwa jina.

Akaingia. Akafunga mlango nyuma yake.

"Nani alikuomba?"

"Dada, nimekutetea..."

"Umenitetea?" Alisema polepole, kama anayeongea na mtoto. "Miaka kumi na moja nimejifuta yale mate kwa siri. Hakuna aliyejua. Wala mume wangu. Nje walikuwa wananiona mwanamke mkali, wananiogopa, wananipisha njia. Leo wamenirudisha kutoka makaburini wamenishika mikono. Wananipa pole! Kanella mwenyewe kaniita masikini!"

"Lakini Bibi alitaka niseme umemuua."

"Ungesema!"

Nikadondosha kikombe.

"Ungesema nimemuua," akarudia. "Mwanamke aliyemuua mama mkwe wake anaogopwa mpaka anazeeka. Aliyetemewa mate akanyamaza, huyo anachekwa mpaka anakufa. Kuanzia kesho nikipita dukani kila mtu ataniona usoni na mate."

Akanyanyua mzigo wangu, alikuwa ameshaufunga. Akauweka nje.

Ligoris alikuwa uani. Nikamgeukia, nikadhani yeye kama mwanamume...

"Umemvua nguo mama yangu kabla hajazikwa, na mke wangu mbele ya watu," akasema, hata hakunitazama. "Ondoka kabla sijasahau kwamba wewe ni mgeni."

Usiku ule mwoka mikate alinilaza kwenye magunia ya unga, kwa masharti kwamba nisiongee. Asubuhi nikaenda shuleni na mzigo wangu.

Mwalimu Evanthia alikuwa peke yake.

"Nimekuja mapema," nikamwambia. "Mtihani ni kesho kutwa, lakini sina pa kukaa."

"Mtihani umeshaufanya. Tulikuwa chini ya dirisha sote watatu. Umefaulu." Akavua miwani. "Lamzira, hakuna msichana aliyewahi kusema hivyo kwenye shule hii. Wa kwetu wala wa kuja."

Nikaanza kulia. Mwaka mzima, jamani. Maharage, ndoo, ile simu.

"Usilie bado," akasema. "Tangu alfajiri nazunguka kukutafutia nyumba. Nimegonga kila mlango."

"Na?"

"Hakuna."

"Ni Kanella?"

"Kanella hakuhitaji hata kutoka kwake." Akakaa kwenye benchi la kufumia, kama mtu aliyechoka ghafla. "Wananiambia wote neno moja. Tuliwapokea wasichana wako kwa sababu hawasikii. Mtu anagombana na mumewe mbele yao, analia mbele yao, ni kama yuko na paka. Sasa huyu anasikia. Tena ana mdomo."

"Mimi sitasema ya mtu mwingine, Mwalimu. Naapa."

"Najua. Ila kila nyumba hapa kuna anayeoshwa, na kuna anayetemewa."

Nikamtazama. Nikajikaza.

"Na kwako, Mwalimu? Kwako kuna chumba."

Akageuza miwani mikononi. Akaifuta kwa sketi, ingawa ilikuwa safi.

"Mimi nina baba mkwe," akasema.

Basi hapo hata mimi nikabeba mzigo wangu.

Nilipokuwa nasubiri basi la kwenda mjini Kalamata niliingia dukani kununua maji. Lilikuwa limejaa wanawake, walewale. Kelele, vicheko, bei ya nyanya, nani kaposwa.

Nikaingia.

Wakanyamaza.

Mmoja akageuza uso ukutani. Mwingine akamvuta mtoto wake karibu na sketi. Mtoto aliyekuwa akinilia kama mbuzi njia nzima, alijificha.

"Naomba maji," nikasema. Vizuri kabisa. Kama wao.

Mwenye duka akanipa haraka, akatazama chini, akasubiri nitoke.

Siku hizi niko mji mwingine. Nafuma, nakula, naongea Kigiriki tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna anayejua nilikitoa wapi. Nikiona msichana mgeni anachekwa sokoni kwa sababu kakosea neno, huwa namvuta pembeni.

Namwambia, mdogo wangu, usiumie. Anayekucheka bado hajakuogopa, na mpaka hapo utapewa kiti, utapewa sahani, utalazwa. Kosea, wacheke, ule ushibe.

Ila siku utakayofungua mdomo watu wakaacha kucheka, usisubiri makofi. Funga mizigo. Lugha umeshaijua.